Alifunika Uso, Akaacha Kibuyu

Nilianza kazi mwaka ule tuliokula mahindi ya njano. Wenye umri wangu wanaujua bila kutajiwa namba. Mvua ilitugomea, magunia yakaja na lori kutoka mbali, na sisi Wairaqw wa Mbulu, tuliozoea kuringa na ugali mweupe na maziwa ya mgando, tukala unga wa manjano tukisema hiki ni chakula cha kuku, huku tunaomba tuongezwe. Nilikuwa na darasa la nne na mgongo mzuri. Kituo cha afya kilitafuta mtu wa kufagia wodi, kumwaga ndoo na kuchemsha vyombo. Cheti hawakuniuliza. Waliniuliza kama naogopa damu. Nikawaambia nimechinja mbuzi.

Nimestaafu juzi. Vijana wa kituo walinifunga kitenge, wakanilisha keki kwa kijiko kama mgonjwa, wakasema, "Bibi, tuachie neno." Neno moja halinitoshi. Nimechukua daftari la mjukuu wangu Anitha, anayesomea uuguzi, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa gauni jeupe ambalo si la ubatizo. Yeye amenyoosha herufi. Maneno ni yangu, na ukali ni wangu.

Siku ya kwanza nilipewa sufuria, jiko la mafuta ya taa na sindano za kioo. Nizichemshe, nihesabu, nisivunje hata moja. Hata glovu zilikuwa zinafuliwa, zinaanikwa kwenye kamba kama soksi za mtoto. Aliyenifundisha alikuwa Nesi Veneranda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwenye shamba. Hakunifundisha kwa kuniandikia. Alinifundisha kwa kunitazama mpaka nikajua nimekosea.

Wiki ile ile nilikwenda gulioni Dongobesh, nikamwambia dada yangu kwamba mke wa fulani kajifungua mapacha. Habari njema, nani angekasirika? Kesho yake Nesi Veneranda akaniita kwenye chumba cha kufulia.

"Mapacha ni wako?"

"Hapana, mama."

"Baba yao alikuwa ameshaambiwa?"

Sikujua. Kumbe hakuwa ameambiwa. Alisikia kwa muuza chumvi, na pacha mmoja hakufika jioni. Nilipelekwa kwa miguu mpaka nyumbani kwao kuomba radhi. Yule baba hakunitukana. Alinipa kiti tu, nikakaa, akaendelea kupukuchua mahindi. Nilitamani anitukane.

Tuliporudi Nesi Veneranda akasema, "Ukitoka hapa, mdomo wako uvue uache kwenye ndoo, kama glovu. Ndani ya wodi mgonjwa ana namba ya kitanda. Nje ya geti hata kitanda hakina namba."

Nimeishi na maneno hayo kazi nzima. Kuna mzee wa kanisa aliyeletwa kwetu amekalia kitu ambacho mtu mzima hakalii, na nilishika taa wakati kinatolewa. Amekufa, watoto wake wamekufa, na bado siwaambii ni kitu gani. Najua mnataka kujua. Mtakaa nayo hamu hiyo, haiui.

Miaka ikaenda. Sindano za kioo zikaondoka, zikaja za kutupa. Jiko likaondoka, likaja dude la umeme linalopiga mluzi. Nesi Veneranda tukamzika. Waganga wa kituo walikuja na kuhama. Wengine walikunywa, wengine walisali, karibu wote walitibu. Halafu zikaja simu za kupangusa, na nyuma yake akaja Daktari Godlove.

Sitasema alikuwa daktari mbaya. Mikono yake ilikuwa mizuri. Nimeona akigeuza mtoto tumboni kwa upole kama anayegeuza chapati. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuamini kwamba jambo limetokea mpaka watu wasiomjua wameliona. Mtandaoni alijiita Dokta wa Nyanda za Juu. Sisi tulimwita daktari, na hilo lilikuwa halimtoshi.

Tulikuwa na stendi tatu za dripu. Moja akaichukua, akafunga juu yake taa ya duara ya kujipigia picha. Dripu ya mgonjwa ikaning'inia kwenye msumari wa dirisha. Nikamuuliza, "Daktari, hiyo taa nayo imeishiwa maji mwilini?" Akacheka, akasema bibi una kipaji, ngoja nikurekodi useme tena. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka.

Alicheza muziki mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, amevaa nguo za kijani, na mke wa mtu yuko ndani anasubiri kushonwa. Alituma kwenye grupu la kazini picha ya mionzi ya nyonga ya mzee mmoja iliyovunjika, jina lake limeandikwa pembeni kama tangazo la msiba. Ikafika kwa watoto wake Arusha kabla mzee mwenyewe hajaambiwa amevunjika nini. Alitoa darasa mtandaoni la maumivu ya tumbo, unywe hiki, usile kile. Mama mmoja wa Dongobesh akalifuata siku nne, akaletwa amejikunja. Kumbe ni kidole tumbo, kimekaribia kupasuka.

"Mimi sikumtibu," akasema Godlove. "Ile ni elimu kwa jamii."

"Jamii ndiyo hiyo imelala kwenye machela," nikamwambia. "Ielimishe."

Alimpasua, akapona. Nilimshukuru kwa hilo. Kesho yake ule mshono uko mtandaoni.

Mganga mfawidhi wetu, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa amani. Amani yake ilikuwa ya aina ile ya mtu anayefunga mlango polepole ili asisikie kinachoendelea ndani. Zaidi ya hapo, kituo kilianza kujulikana, na yeye alipenda kuambiwa kwenye mikutano kwamba kituo chake kinajulikana.

Sasa nifike kwa mama wa kitanda cha nne. Jina lake siliandiki. Kijiji tuseme ni Getanuwas, kule chini Hanang, nimekibadilisha. Nilimwendea mwenyewe kumuomba ruhusa ya kuandika haya. Alifikiri siku mbili, akasema niandike, ila jina lake nisilitaje. Basi silitaji.

Alikuwa Mbarbaig, kijana, uzazi wa kwanza, na mtoto alizaliwa hana pumzi. Kwao mama aliyefiwa hivyo hukaa ndani. Hachangii chombo na mtu, hachangii moto, hapiti penye watu wala ng'ombe wao, mpaka wazee waseme imetosha. Bibi zangu wa Kiiraqw nao walikuwa na yao yanayofanana, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Huyu sasa alipata homa ndani ya huko kukaa. Mama mkwe wake akaona binti anakwisha, akaenda kwa wazee, wazee wakasema ugonjwa una ruhusa yake: atoke, atibiwe, arudi, asionekane. Ndiyo maana hawakwenda karibu. Walipanda gari mbili mpaka kwetu Mbulu, kwa watu wasiowajua, amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Alikuja na kibuyu chake cha maziwa, kwa sababu vikombe vyetu asingeweza kuvitumia. Kilikuwa kimepasuka ubavuni, na mama mkwe amekishona kwa ngozi nyembamba na shanga, mshono wa kukatakata kama njia ya mchwa. Kilikaa juu ya kabati la kitandani. Nilikuwa nakifutia vumbi pembeni, sikigusi.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, kwa sababu Kibarbaig cha mnadani nakijua. Mama yangu aliuza vitunguu kule. Siku ya tatu homa imeshuka, Godlove akaja na simu mkononi, tochi yake inawaka.

"Bibi, mwambie nampima."

Nikamwambia, "Anakupima." Binti akaitikia kwa kichwa, akafungua macho, akatulia. Mimi niliona ile taa nikadhani anamulika kuangalia damu chini ya jicho, kama tulivyofanya zamani kwa tochi ya betri. Nikaendelea kupangusa sakafu. Hilo ni kosa langu, nami naliandika hapa lisomwe pamoja na ya wengine.

Wiki mbili baada ya binti kuruhusiwa kwenda nyumbani, Anitha alikuja likizo. Anakaa kwenye benchi jikoni, anapangusa simu, anacheka. Akasema, "Bibi, njoo umwone daktari wenu." Nikavaa miwani.

Wodi yetu. Kitanda chetu. Muziki wa huzuni umewekwa juu. Sauti ya Godlove inasema jinsi mila zinavyoua akina mama, na jinsi alivyomwokoa huyu kutoka kwenye mikono ya giza. Usoni mwa mgonjwa amebandika kile kiuso cha njano kinachocheka. Mama aliyefiwa, daktari kampa uso unaocheka. Na pembeni, wazi kama jua la saa sita, kibuyu.

"Amemficha uso, bibi," Anitha akasema. "Hawezi kujulikana."

"Wewe umesoma," nikamwambia, "kwa hiyo unajua watu kwa sura. Kule mtu anamjua ng'ombe wa jirani kwa alama ya sikio akiwa mbali huko. Hicho kibuyu ni sikio."

Akanisomea yaliyoandikwa chini. Mengi ya pole, mengi ya matusi kwa kabila la watu. Mmoja aliuliza kama daktari ameoa. Katikati yake, mtu mmoja ameandika maneno machache: hiki ni cha kwa fulani. Na akataja boma.

Video ile ilipitishwa mnadani mkono kwa mkono. Wakati ule ule ndama wawili wa jirani wakafa, na aliyetafuta sababu akaipata kwenye simu. Yule binti akarudishwa kwa wazazi wake Hirbadaw, na shuka lake na kibuyu chake. Mume alimtaka. Lakini mume hana neno mbele ya wazee, na wazee walikuwa na swali moja tu.

Swali hilo aliniletea mama mkwe mwenyewe. Alisimama nje ya chumba cha kufulia, mrefu, mkavu, bangili mpaka kwenye kiwiko. Hakunisalimia kwanza, nikajua jambo ni zito.

"Ni wewe uliyekuwa mdomo wake?"

"Ni mimi."

"Wazee wanasema hivi. Kama aliambiwa, akakubali kuonyeshwa, basi amejitoa mwenyewe mbele za watu wote na ng'ombe wao wote, na hapo hatarudi. Kama hakuambiwa, ameibiwa. Aliyeibiwa tunamrudisha. Aliulizwa?"

"Hakuulizwa."

"Huyo daktari amemwambia mwanangu kwamba aliulizwa, na kwamba wewe ndiye uliyeuliza."

Nilikuwa nimeshika shuka lenye maji. Nikaliweka chini.

"Nilimwambia anapimwa. Basi."

"Usije ukasahau," akasema. "Wanaosoma wanasahau haraka."

"Mimi sikusoma sana," nikamwambia. Ndipo akanisalimia.

Familia ilikuwa na mtu wao, katekista, aliyejua kuandika barua inayosomwa. Barua ikaenda wilayani, ikaenda kwa baraza la madaktari. Ikarudi kwetu kama watu watatu wenye mafaili, waliosema watakuja Jumanne.

Jumatatu asubuhi Godlove akanifuata kwenye chumba cha kufulia. Video alikuwa ameifuta. Alidhani kufuta ni kufagia. Hakujua wenzake wamekwisha kuzoa takataka na kuzipeleka kwao. Macho yamemuingia ndani. Mkononi ana karatasi na kidau cha wino wa kutia dole gumba.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Hii ni fomu ya ridhaa. Inasema mgonjwa alielezwa kwa lugha yake, akakubali. Wewe shahidi na mkalimani. Weka dole hapa tu."

Nikaichukua. Ilikuwa ya Kiingereza, na tarehe yake ni ya siku binti aliyolazwa. Nikampa kidau chake.

"Daktari, naandika jina langu tangu hujazaliwa. Nani kakwambia mimi ni wa dole?"

"Basi saini."

"Karatasi hii ilikuwa wapi siku hiyo?"

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sijawahi kumwona ameketi bila kujitengeneza. "Bibi, watanifungia leseni. Nimesoma miaka sita. Mama yangu ni mjane. Yule atasamehewa na watu wake, hayo ni mambo ya mila tu. Mimi haya ni maisha."

Hapo ndipo niliposikia vizuri. Ya kwake ni maisha, ya mwenzake ni mila. Nikamwambia:

"Mimi sikumuuliza, yeye hakunijibu, dole langu siweki."

Mchana mganga mfawidhi akaniita kwa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie. Akasema kituo kina jina. Akasema nimebakiza miezi michache, niondoke kwa amani. Akasema tunaweza kuelewana. Nikanywa chai yake, ilikuwa na tangawizi nzuri, nikamwambia nimeelewa, na kwamba kuelewa si kukubali.

Jumanne tukakaa chumba cha mikutano. Watu watatu wa baraza, mama mwenye nywele fupi ndiye mkubwa wao. Godlove na wakili wake. Upande wa pili mume, baba mkwe na fimbo yake, mama mkwe. Binti mwenyewe hakuingia. Alikaa nje, kwenye kibaraza cha kufulia, kwa sababu bado alikuwa hana ruhusa ya kukaa na watu. Yaani yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatii sheria siku hiyo.

Wakili akaanza na mimi. Akasema kwa upole kwamba nina umri, wodi ina wagonjwa wengi, je, naweza kukumbuka kweli siku ile?

"Naweza kukutajia kitanda kwa kitanda nani alikuwa na nini," nikamwambia. "Ila sitaji. Humu kuna watu."

Yule mama mkubwa akainamisha kichwa kwenye faili. Nadhani alikuwa anacheka.

Wakili akasema mgonjwa aliitikia kwa kichwa kwenye video, ishara ya kukubali. Nikasema aliitikia kwa sababu nilimwambia anapimwa, alikubali kupimwa. Akasema uso ulifichwa. Hapo baba mkwe, aliyekuwa hajafungua mdomo, akaomba nimfasirie. Akasema, "Mwambie huyu kijana, wewe ukiiba ng'ombe ukamfunga kitambaa machoni, umemficha?"

Nikafasiri. Wakili hakuandika hilo.

Halafu yule mama mkubwa akaeleza, na haya mwenyewe nimeyashika ili niwape. Siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa, daktari anamtunzia tu. Kufunika uso hakutoshi kama nguo, chombo, kovu, sauti au kitanda vinamtaja. Ruhusa inaombwa kabla, kwa lugha ya mtu, na aambiwe kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Ruhusa ya kupimwa si ruhusa ya kurekodiwa. Kwenye grupu la kazini ni hivyo hivyo, grupu si wodi. Na ukimpa ushauri mtu usiyemwona, akadhurika, hutajificha nyuma ya neno elimu. Mbali na baraza, akasema, kuna sheria ya nchi kuhusu taarifa za watu, na hiyo ina mlango wake mwingine. Godlove aliandika yote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri; alichelewa tu kuutumia.

Mwisho akaniuliza, mbele ya wote, kama nipo tayari kusaini kwamba ridhaa iliombwa. Nikasema sipo. Nikafasiri jibu langu mwenyewe kwa Kibarbaig, maana swali lilikuwa la pande mbili, la baraza na la wazee. Baba mkwe akanyanyuka, akatoka. Kupitia dirishani nikamwona amesimama mbele ya kibaraza, mbali kidogo kama inavyotakiwa, anasema na yule binti. Hakusema kwa muda mrefu. Binti akavuta shuka, akaanza kulia kwa sauti, na mama mkwe aliyekuwa karibu yangu akashusha pumzi kana kwamba kaweka chini mtungi.

Wazee walifanya yao, ambayo si ya kuandikwa kwenye daftari. Alirudi kwake. Godlove alifungiwa leseni kwa kipindi, na ule mlango mwingine bado unamsubiri. Mganga mfawidhi alibandika tangazo la kukataza simu wodini, akalipiga picha, akalituma kwenye grupu.

Mimi nikastaafu. Mwezi huu nang'oa vitunguu swaumu shambani, Anitha ananisaidia, na tukamwona Godlove anapanda kilima na viatu vyake vyeupe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu, usikanyage matuta."

Amekonda. Akanisaidia kufunga fungu moja, vibaya. Akasema anakata rufaa. Akasema binti yuko kwake, wazee wameridhika, hakuna anayeumia tena. Akasema nikisema leo kwamba nilichanganyikiwa siku ile, ni maneno tu, naye atarudishiwa leseni. Akamtazama Anitha, akasema ana rafiki kwenye hospitali kubwa, mafunzo ya vitendo huko ni shida kupata, yeye anaweza kusema neno.

Anitha hakuinua kichwa. Nilimwona amesimamisha mikono, anasubiri kusikia bibi yake ni mtu gani. Angeweza kupata nafasi njema ya kujifunzia. Na yule binti angerudi kuwa mtu aliyekubali, kwa karatasi, siku yoyote ambayo jirani atapoteza ndama.

Ndipo nikaona simu. Iko kwenye mfuko wa shati lake, kioo kinachungulia nje, kile kijitaa chekundu cha kurekodi kinawaka. Hata sasa. Hata hapa kwenye vitunguu.

Nikajipangusa udongo, nikainama karibu na mfuko wake ili asikose hata herufi, nikaiambia ile simu:

"Mimi sikumuuliza, yeye hakunijibu, dole langu siweki."